Kifungo cha Uzi wa Kijani

Emelyne alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani humdanganyi kuhusu kifungo. Jumatatu ile, mwanzoni mwa mwezi wa tatu, alikuwa anafua nyuma ya nyumba yao ya Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda, akashika shati la kazini la mumewe na kuona kwamba kifungo cha pili kutoka juu, ambacho juzi tu kilikuwa kinaning'inia na yeye amesahau kukikaza, kimeshonwa. Tena kimeshonwa kwa subira, na mwisho wa uzi umefichwa ndani ya kitambaa kama wanavyofanya mafundi wanaojipenda. Uzi wenyewe ulikuwa wa kijani.

Yeye hakuwa na uzi wa kijani wa aina ile. Aliukuna kwa ukucha, akauvuta kidogo, akautambua. Ilikuwa ile kamba fupi ya ofisini yenye vichwa vya chuma, ya kufungia karatasi ndani ya faili. Mtu alikuwa ameifumua mpaka ikawa nyuzi nyembamba, akamshonea mume wake, na pengine mume mwenyewe alikuwa hajavua shati. Emelyne alilinusa. Lilinukia karafuu, na chini ya karafuu kulikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa.

Wapo wanawake ambao wangeuliza. Emelyne hakuuliza. Wivu wake ulijulikana Kakese nzima na wala hakuuficha. Aliwahi kumrudishia mteja kitenge chake bila kukishona kwa sababu mteja huyo alimsifia mumewe Telesphor meno. Alikwenda ndani, akachukua mkasi, akakata uzi ule wa kijani, akakishona kifungo upya kwa uzi wake mweupe. Uzi wa kijani aliuweka kwenye kopo la sindano, maana ushahidi hautupwi.

Telesphor, mumewe, alikuwa mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya serikali ambayo hatuna haja ya kuitaja. Kazi yake ilikuwa stoo ya nyuma, chumba kirefu cha matofali ya kuchoma kilichojaa mafaili ya zamani: mafaili ya mgodi uliofungwa, ya mipaka ya mashamba, ya shule zilizoanguka zikajengwa tena. Humo pia lilikaa daftari kubwa la kwanza la watu waliovuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972, wazazi wa Emelyne wakiwemo. Mabati yalikuwa yametoboka. Mvua ikinyesha, Telesphor alikuwa anahamisha makasha kutoka kona hii kwenda kona ile, na mchwa nao walikuwa wanamfuata. Miaka sita mfululizo aliandika barua kuomba fedha za jengo salama, na miaka sita alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Mwaka huu alikuwa na bahati. Kamati ya wabunge ingepita Mpanda, na yeye alikuwa amepewa nusu saa ya kuzungumza nao.

Basi alikuwa hana habari nyingine. Alikula akiwaza stoo, akalala akiitaja stoo. Siku moja Emelyne alimwambia kwamba yeye na stoo yake wangefunga ndoa tu, watu wapate pilau, na Telesphor alicheka. Lakini mwezi ule wa tatu alikuwa ameacha kucheka.

Ijumaa iliyotangulia kifungo kile, alikuwa amerudi na daftari lenyewe la mwaka 1972, kalifunga kwenye nailoni. Alieleza kwamba maji yamefika kwenye shelfu lake na hakuna pengine pakavu, kwa hiyo litakaa juu ya kabati lao mpaka wabunge waje. Kila jioni alilishusha. Alikuwa anafungua ukurasa kwa vidole viwili, taratibu, na Emelyne akikaa kwenye cherehani yake alijiuliza ni lini mara ya mwisho vidole hivyo viliwahi kumgusa yeye namna hiyo.

Kwa hiyo Jumatatu ile, baada ya kuanika nguo, alipanda kwenye stuli akalishusha yeye. Ndani aliona majina ya wanawake. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa kulala, jina, umri, ameolewa, hajaolewa. Alijua fika kwamba ni daftari la serikali. Lakini lilinukia karafuu, na ile harufu ilimpanda kichwani. Kulikuwa na mteja anayesubiri gauni la kanisani, na mafundi wote wa mtaa hukata vipimo vyao kwenye karatasi za zamani, magazeti au mifuko ya saruji. Emelyne alichana kurasa tatu, akazilaza mezani, akakata kola, kisha mkono wa kulia, kisha mkono wa kushoto. Alijua anachofanya. Hilo alilikiri mwenyewe baadaye, na hakuna aliyemlazimisha.

Mkasi ulipofunga mara ya mwisho, nyuma yake mtu alivuta pumzi kwa meno, kama aliyechomwa na sindano. Aligeuka. Palikuwa na ukuta tu.

Jioni Telesphor alirudi akiwa amechoka, akavua shati ili akaoge, na Emelyne akaona mstari mwekundu umemzunguka shingo pale pale inapokaa kola. Mistari mingine miwili ilikuwa mabegani, mmoja kila upande, pale unapoanzia mkono wa nguo. Haikutoka damu. Ilikuwa mikato myembamba, kama ile inayoachwa na ukingo wa karatasi. Telesphor alisema hajui imetoka wapi na haimuumi. Daftari hakulishusha jioni ile, wala jioni zilizofuata. Na kwenye shati alilolivua pia, kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa cha uzi wa kijani.

Hapo Emelyne aliogopa, lakini wivu ulikuwa mbele ya woga, na alijiambia kwamba lazima kuna mwanamke. Asubuhi alikata uzi ule akauweka kwenye kopo pamoja na wa kwanza. Jioni uzi ulikuwa umerudi. Jumatano vilevile. Na kitandani alianza kusikia kitu ambacho hakukielewa: kila mumewe alipojigeuza, palisikika mchakacho wa karatasi.

Alhamisi mchana alikwenda ofisini. Alikuwa ameshaamua kwamba ni Rosine, katibu muhtasi, binti mrembo mwenye sauti ya upole. Rosine alimsikiliza mpaka mwisho bila kukasirika, akamwonyesha gauni alilovaa, ambalo Emelyne mwenyewe ndiye aliyelishona. Kisha alitazama mlangoni, akamsogelea.

"Mama Bosco, mimi mume wako naona hata salamu haitiki siku hizi," alisema kwa sauti ya chini. "Saa saba nyie mkijua tumekwenda kula, yeye anaingia stoo. Mimi nimesikia. Anasoma peke yake, lakini kurasa zinafunuliwa na wawili."

Ilikuwa saa saba kasoro. Mvua ilikuwa imeanza, nzito, ya kuziba masikio. Emelyne alipita korido, akavuka uwanja mdogo wa nyuma, akasukuma mlango wa stoo, na mlango ulifunguka bila kelele.

Karafuu zilimpokea kwanza, kisha giza la mchana wa mvua, kisha matone yaliyokuwa yakidondoka ndani ya ndoo kila kona, na katikati ya matone hayo alisikia sauti ya mumewe ikisoma majina. Telesphor alikuwa amekaa juu ya kasha, amempa mgongo, ana faili mapajani, anasoma jina moja moja kama katekista anayesoma majina ya watoto wa kipaimara, na kila alipomaliza ukurasa na kuufunua, nyuma ya shelfu lililo mbele yake ukurasa mwingine nao ulifunuliwa, na alipotulia, na huko palitulia, na Emelyne akasogea hatua moja ili amwone huyo mwanamke uso kwa uso amwambie yaliyokuwa yamemkaa moyoni tangu Jumatatu, akaona kwamba kati ya mafaili yaliyobanana kuna nafasi moja tupu, pana kama daftari, na ndani ya nafasi hiyo imesimamishwa kadi ya manjano yenye jina la Telesphor kwa mwandiko wake mwenyewe, na kutoka gizani nyuma ya kadi vikaja vidole virefu, vikavu, vyeupe kama ukingo wa kurasa, vikaipapasa kadi ile kutoka juu kwenda chini, mara moja, mara mbili, na kila vilipopapasa, Telesphor kwenye kasha lake aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayeshikwa shavu.

Emelyne hakumbuki alivyotoka. Anakumbuka kwamba alikuwa analia uwanjani, kalowa, na kwamba hakujua kama analia kwa hofu au kwa sababu mume wake hajawahi kuinamisha kichwa hivyo kwa mkono wake yeye.

Rosine ndiye aliyempakia kwenye bodaboda kwenda Magamba, kwa Bibi Dafrosa. Bibi Dafrosa alikuwa amefanya kazi masjala ya ofisi ile miaka thelathini na moja, akastaafu, na sasa alikuwa analima mahindi na karanga. Alikuwa anapukuchua mahindi barazani Emelyne alipofika. Alisikiliza habari ya kifungo, ya vidole na ya kadi. Hakushangaa hata kidogo, na hilo lilimtisha Emelyne kuliko kama angepiga kelele.

"Kumbe bado yupo," alisema. "Alikuja na sanduku la chuma kutoka Kapalamsenga, kule ziwani walikopokelewa wale watu wa kwanza. Lile daftari lilikuwa ndani ya sanduku, limetiwa karafuu. Sisi tulimwita Bibi Masjala. Hakutugusa. Sisi tulikuwa tunasubiri mshahara tu, mwanangu. Yule anampenda mtu anayezijali karatasi."

Kisha alimweleza habari ya kadi. Kwenye masjala, alisema, faili haliondoki hivi hivi. Ukilitoa unaacha kadi yenye jina lako pale lilipokuwa, na kadi inasimama badala ya faili mpaka lirudi, kwa sababu nafasi haitakiwi kubaki tupu. Ni siku kumi na nne. Telesphor kwa uaminifu wake alilitoa daftari kuliokoa na mvua, na kwa uaminifu huo huo akaacha kadi. Hapo hapakuwa na kosa. Mwaka wa themanini na nane, karani mmoja aitwaye Aloyce aliacha kadi, akaenda na faili la mpaka wa shamba, na faili likaungua moto nyumbani kwake. Likawa haliwezi kurudi. Siku ya kumi na tano walimkuta Aloyce amekaa katikati ya shelfu, katika nafasi isiyomtosha hata mtoto, mkavu, na walipombeba wanaume wawili waliona mmoja angetosha.

"Daftari lipo zima?" aliuliza Bibi Dafrosa.

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo. Mwishowe Emelyne alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia vizuri, kwamba amelikata. Alitaja kola na mikono miwili.

Bibi Dafrosa aliacha kupukuchua. Hakumgombeza. Alimuuliza kama vipande vipo, akajibiwa vipo kwenye kikapu. Akamuuliza kama ana uzi wowote wa Bibi Masjala, akajibiwa kwamba upo kwenye kopo la sindano, na kila jioni unaongezeka. Basi alisema avishone. Uzi wake huyo jini ndio atakaoukubali, maana wa mtu mwingine ataukata, kama Emelyne alivyoukata wa kwake. Alirudishe daftari kabla ya siku kumi na nne kuisha, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kisha aichomoe kadi. Maombi afanye, ni vizuri, lakini asidhani maombi yatajaza nafasi ile kwenye shelfu.

Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa ya kuja kwa wabunge.

Emelyne alishona siku saba. Kila asubuhi alikata uzi wa kijani kwenye shati, na mara hii aliukata kwa uangalifu, asipoteze hata nusu inchi. Mumewe akishaondoka alilishusha daftari na kuunganisha karatasi na karatasi, kwa sindano yake nyembamba kuliko zote, mishono midogo hata mdudu asingepita. Siku ya tatu ndipo alipoanza kusoma alichokuwa anakishona. Kwenye mkono wa kushoto, pale mkasi ulipopita, aliona jina la bibi yake mzaa mama, umri miaka ishirini na sita, na chini yake watoto wanne, wa nne akiwa hana jina bado, ameandikwa tu "wa kike, siku nne". Huyo wa siku nne alikuwa mama yake. Mkasi ulikuwa umemtenga mtoto huyo na mama yake. Emelyne aliweka sindano chini akalia mpaka kitambaa cha meza kikalowa, kisha aliichukua tena akaendelea, kwa kuwa siku zilikuwa zinakwenda.

Na Telesphor naye alikuwa anakwenda. Ngozi ilikuwa inamkauka, akinywa maji yanamtoka kama jasho na kuacha alama za kahawia. Alikuwa mwepesi. Jumatano alimwegemea mlangoni, na Emelyne akahisi uzito wa shati tu. Alimuuliza kama anampenda. Telesphor alimtazama kwa huruma, akasema hotuba yake ya Ijumaa imekamilika, na kwamba haikuwa yeye peke yake aliyeiandika.

Ijumaa wabunge walitakiwa kufika saa tano. Saa saba walikuwa bado wako njiani, ofisi nzima iko getini imejipanga, na mvua imeanza. Emelyne alipita na daftari chini ya kitenge kama mtu aliyembeba mtoto, akaingia stoo.

Mumewe hakuwa juu ya kasha. Alimtafuta kwa macho akamwona amesimama ndani kabisa, ameegemea shelfu penye ile nafasi tupu, bega moja limeshaingia, uso umegeukia gizani, macho yamefumbwa, na lile bega lilikuwa limelala bapa kati ya mafaili kama linavyolala shati lililopigwa pasi, na karafuu zilikuwa nyingi kiasi kwamba Emelyne alizihisi kwenye ulimi, na matone kwenye ndoo yalikuwa yamenyamaza ingawa mvua juu ya bati ilikuwa bado inanguruma, na upande wa pili wa shelfu kitu kirefu kilisogea, kikapita nyuma ya safu moja ya mafaili na nyingine na nyingine, kikijaza kila upenyo kwa weupe, mpaka kilipofika mbele yake na kusimama.

"Wewe ndiye mwenye mkasi," kilisema. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongeleshwa.

"Ndiyo mimi."

"Unajua nimekaa hapa miaka mingapi nalowa? Huyu ndiye wa kwanza aliyeweka ndoo. Kwako anakuja kulala. Kwangu anakuja akiwa macho."

Maneno yale yalimchoma Emelyne mahali palipokuwa na kidonda tayari, na akajikuta anajibu.

"Nimemzalia. Nimemuuguza. Uzi wa kijani hauwezi kunifundisha mume wangu." Alilitoa daftari chini ya kitenge. "Nimeleta lako. Nipe langu."

Vidole vilitoka, vikalipokea. Lilifunguliwa hewani, kurasa zikapita moja moja, na kila moja ilihesabiwa. Kwenye kurasa tatu vile vidole vilisimama, vikafuata mishono, kola, mkono, mkono.

"Umeshona vizuri," ilisema sauti hatimaye, na ilikuwa na chuki ya fundi anayemwona fundi mwenzake. "Sikutaka uwe umeshona vizuri."

Daftari liliteleza mahali pake. Bega la Telesphor lilisukumwa nje, na Emelyne akaishika kadi ya manjano kwa vidole viwili akaivuta. Ilikuwa ya moto, na iligoma kidogo kabla ya kutoka. Mumewe alianguka juu yake, mzito, mzito wa mtu mzima mwenye mifupa, na wote wawili wakaenda chini kwenye maji. Karafuu zilikatika. Matone yalianza tena kudondoka kwenye ndoo. Telesphor alifumbua macho akauliza kama wageni wamefika.

Walifika saa nane na nusu, wana njaa. Walikuwa saba. Waliingizwa stoo wakiwa wamekunja suruali, wakasimama mahali palipo pakavu, na Telesphor, bado kalowa, alianza kuzungumza. Alisema hapa pana mipaka ya mashamba ambayo watu wanauana kwa sababu hakuna anayeiona karatasi yake. Alisema hapa pana mtoto wa siku nne aliyeandikwa kabla hajapewa jina, na leo wajukuu wake ni Watanzania wanaoulizwa wametoka wapi, na jibu lao liko chini ya bati lenye matundu. Alisema hawaombi jumba la fahari, wanaomba paa, kuta zisizoingiwa na mchwa, na mlango. Wawili walikuwa wanaangalia simu. Mmoja aliuliza choo. Hotuba haikufika nusu, kwa sababu mwenyekiti wa kamati aliangalia saa akashukuru na kusema ombi limepokelewa.

Ni Mheshimiwa Rafaeli tu aliyebaki nyuma. Alikuwa mbunge wa mkoa mwingine, mnene, mcheshi, amevaa koti zuri la bluu. Alilichomoa daftari la mwaka 1972 kwenye shelfu, akalifunua, akakuta mishono, na akaipenda. Alisema wenzake Dodoma hawataamini mpaka waione. Angelichukua wiki moja tu, awaonyeshe, alirudishe.

Telesphor alianza kusema utaratibu hauruhusu, lakini nani anamkatalia mheshimiwa? Alisimama na kadi mpya ya manjano mkononi, anasita. Alimtazama mkewe. Emelyne aliitazama ile nafasi tupu kwenye shelfu, na ndani yake, nyuma kabisa, aliona weupe umekuja kusimama na kusubiri. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Akakumbuka bega bapa la mumewe, akakumbuka miaka sita ya barua, na akawaza kwamba mtu ambaye jina lake liko kwenye shelfu hili hatalisahau shelfu hili.

Alifungua pochi yake, akatoa kalamu, akampa mheshimiwa kwa mikono miwili, kwa adabu, na kumwonyesha pa kuandika jina.

Wiki ilipita, daftari halikurudi. Telesphor alinenepa kidogo, akacheka mara moja moja, na vifungo vyake vilibaki na uzi mweupe. Emelyne alijihesabu mshindi. Jioni ya siku ya kumi na tatu jirani yao aliwaita waje waone televisheni, kwa kuwa Bunge lilikuwa linaendelea na mtu alikuwa anaitaja Mpanda.

Alikuwa Mheshimiwa Rafaeli. Alikuwa amekonda, koti la bluu linamwelea, na sauti yake ilikuwa imekauka. Lakini alivyosema, ukumbi ulikuwa kimya. Alisema juu ya paa na kuta na mlango. Kengele ya muda ililia, hakukaa. Ililia tena, hakukaa, na hakuna aliyemkatisha. Aliyasema mambo ambayo Telesphor hakuyafikia siku ile, neno kwa neno. Emelyne alijua hivyo kwa sababu kando yake midomo ya mumewe ilikuwa inakwenda sambamba na ya mbunge, bila kutoa sauti. Mwishoni meza zilipigwa kwa makofi, na waziri alisimama kuahidi kwamba fedha za jengo zitaingia bajeti hii hii. Jirani alimpongeza Telesphor kwa kumpiga begani.

Kamera ilimsogelea mheshimiwa akikaa. Kifungo cha pili cha koti lake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani, na kichwa chake kilikuwa kimeinama upande, kama mtu anayeshikwa shavu.

Emelyne aligeuka kumtazama mumewe, amwambie kwamba wamepona, kwamba yule jini amekwenda mbali, Dodoma, hatarudi. Telesphor hakumsikia. Alikuwa anaikodolea macho televisheni, na uso huo Emelyne aliutambua mara moja, kwa sababu ulikuwa uso wake yeye wa Jumatatu ile ya kifungo.

"Mimi ndiye niliyeweka ndoo," alisema Telesphor polepole, kwa mtu asiyekuwepo mle chumbani.

Kisha alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kifungo cha shati lake, na uzi mweupe wa Emelyne ulikuwa bado umening'inia, umekatwa kwa meno.